KAZI ZA MIKONO: Kupaka Rimu za Gari Rangi Upya

Katika somo hili tunaongea juu ya kazi ambayo vikundi vya vijana, na hata vya akina mama, vimekuwa vikituuliza: kupaka upya rimu za gari na kuilinganisha rangi yake na ile iliyokuweko. Kazi hii haitaki mashine kubwa. Inataka mikono, uvumilivu, kivuli kizuri na jicho linalojua rangi. Na wateja wako. Hesabuni tu magari yanayofika kwenu siku ya soko: Probox zinazobeba watu na mizigo, pikapu za maziwa, magari ya walimu, na ya wale wanaorudi nyumbani wakati wa Krismasi. Barabara za murram na mashimo hazihurumii rimu. Mawe yanachubua, matope yanakwama ndani, na huko pwani chumvi ya bahari inamaliza chuma haraka zaidi. Mwenye gari akiona kikundi kinaweza kurudishia rimu zake sura bila yeye kununua mpya, atakuja.

Lakini rimu si ukuta wa nyumba. Ukuta ukipakwa vibaya utabambuka, basi. Rimu imebeba watu. Ile Probox mliyoipamba leo ndiyo kesho itampeleka mama mjamzito hospitalini usiku. Kwa hivyo tutaanza na kukagua, ndipo tufike kwenye rangi. Wale wanaotaka kurukia rangi wavumilie kidogo.

IJUE RIMU KWANZA

Rimu ziko za aina mbili kubwa. Kuna za chuma, na kuna za alumini ambazo watu wengi huziita rimu za spoti. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, ni alumini. Usikadirie kwa macho, kwa maana rimu ya chuma iliyofunikwa kifuniko cha plastiki inaweza kukudanganya, na dawa ya moja inaharibu nyingine.

Kabla ya kuinua gari, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kisha legezeni nati kidogo gari likiwa bado limesimama. Ndipo mweke jeki. Gari likishainuka, liwekeni juu ya stendi za chuma au magogo mazito yaliyokatwa sawa. Yale matofali ya simiti yenye mashimo yasitumike, maana hupasuka bila kutoa habari. Na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota nati tu. Andikeni kwa chaki ndani ya kila tairi lilipotoka: mbele kulia, nyuma kushoto, na kadhalika.

KUTAFUTA UFA

Hapa ndipo tunaomba mkae kwa muda. Osha rimu kwa maji na sabuni ya unga, pande zote mbili, mpaka matope na vumbi jeusi la breki vitoke. Kisha kagua. Nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu ya nati, kwenye kingo za yale matundu makubwa ya kupitisha hewa, kwenye mshono ambapo sahani ya katikati imechomelewa kwenye duara, na kwenye mdomo wa ndani ambao mteja haoni kamwe. Tundu la nati likiwa limepanuka na kuwa kama yai, rimu hiyo imekwisha. Ilizunguka ikiwa imelegea.

Ufa mwembamba hauonekani kwa macho, lakini kuna njia ya zamani ambayo mafundi wa reli walikuwa wakiitumia, na vifaa vyake viko katika kila kijiji: mafuta ya taa na chaki. Kwangua rangi ya zamani mahali unapotilia shaka mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, acha kwa muda wa dakika 20 au 30 ili yapenye. Pangusa kabisa kwa kitambaa kikavu. Sasa saga chaki nyeupe iwe unga, upake hapo unga mwembamba, kisha usubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatarudi juu na kuchora mstari mweusi-mweusi kwenye chaki. Ufa ambao jicho halikuuona sasa umejichora wenyewe. Fanyeni hivyo mbali na jiko, na baadaye muoshe vizuri, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta.

Ukipata ufa, kazi imeishia hapo. Msizibe kwa puti. Msichomelee. Na zaidi ya yote, msipashe moto wala kuchomelea rimu ambayo bado ina tairi, hata kama upepo umetolewa. Hewa na mvuke wa mpira ndani ya tairi vinaweza kulipuka, na mlipuko wa tairi huua.

Mtakutana na mteja atakayesema, "Nyinyi pakeni tu, mimi huendesha polepole." Hapo kikundi kitapimwa. Mnajua Bwana Yesu aliwaambia nini Mafarisayo kuhusu makaburi yaliyopakwa chokaa. Puti na rangi ya fedha juu ya ufa ni chokaa ya namna hiyo hiyo, ila tofauti ni kwamba aliye ndani ya gari bado yu hai. Kukataa kutawapotezea kazi ya siku mbili. Ndiyo maana tunawashauri mwelewane mapema na kila mteja: kuna malipo madogo ya kuosha na kukagua, ambayo hulipwa hata kama rimu itakataliwa. Hivyo anayekagua hatashawishika kufumba macho ili kikundi kisikose unga. Mrudishieni rimu yake ikiwa imezungushiwa alama ya chaki palipo na ufa, aone mwenyewe.

KUSUGUA NA KUTAYARISHA

Rimu ya chuma isugueni kwa brashi ya waya, kisha msasa wa namba 80 penye kutu nzito, halafu 180, na mwisho 320 mpaka kidole kisisikie mpaka kati ya rangi ya zamani na chuma. Kutu isibaki. Kutu iliyofunikwa huendelea kula chini kwa chini kama mchwa, na baada ya mvua za kwanza rangi inainuka kama malengelenge.

Alumini ni ya upole. Usiisugue kwa brashi ya waya wa chuma, kwa kuwa vipande vidogo vya chuma hubaki vimejichoma ndani na kuanza kutoa madoa. Magadi makali ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki, yanaila alumini kabisa. Tumia msasa tu, namba 240 kisha 400. Mikwaruzo ya ukingoni iliyotokana na kugonga mawe inaweza kulainishwa kwa msasa, na mashimo madogo ya juu-juu yakajazwa puti ya gari. Lakini rimu iliyopinda si ya puti.

Sugueni mkitumia maji. Rangi za zamani nyingi zina risasi, ile madini yenye sumu ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Msasa mkavu huirusha hewani, ikatua juu ya vyombo na nguo. Msasa wenye maji huishika chini. Watoto wasicheze hapo, wala msisugue karibu na jikoni au mahali mnapoanika mahindi. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Kama tairi limebaki kwenye rimu, toeni upepo, kisha mchomeke vipande vya karatasi ngumu kati ya mpira na ukingo wa rimu, kimoja kikilalia kingine, mpaka duara lote lizibwe. Jalada za daftari kuukuu zinafaa. Karata zinafaa zaidi, ingawa tunajua wazee wengine hawatapenda kuzisoma katika jarida la kanisa. Valvu ifungwe kwa utepe wa karatasi.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: funikeni sehemu mbili ambazo hazitapakwa rangi nzito. Moja ni uso wa nyuma wa rimu unaokutana na kitovu cha gurudumu. Ya pili ni pale nati zinapokalia. Rangi ikiwa nene hapo, nati zitakaza juu ya rangi, si juu ya chuma. Gari likitembea na kupata joto, rangi inabonyea, nati zinalegea, na gurudumu linaweza kutoka barabarani.

KULINGANISHA RANGI

Tumefika kwa jambo lenyewe. Mteja akileta rimu nne, kazi ni rahisi: zote zitapakwa pamoja na zitafanana. Taabu ni yule anayeleta moja iliyochubuka na kusema, "Ifanane na zile tatu." Kama hawezi kulipia nne, mshaurini apake mbili za upande mmoja. Hakuna mtu anayeweza kuona pande mbili za gari kwa wakati mmoja, na tofauti ndogo ya rangi haitamsumbua mtu.

Watu wengi hufikiri kibao cha namba za rangi kitamaliza kazi. Ni kweli Toyota nyingi zina kibao kidogo, chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango wa dereva, na palipoandikwa C/TR namba ya kwanza ni ya rangi ya bodi. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Maduka ya rangi za magari mijini huchanganya kwa namba hizo. Lakini angalieni: hiyo ni rangi ya bodi, si ya rimu. Kibao kitawasaidia tu kama mwenye gari anataka rimu zivae rangi ya gari. Na hata hivyo, gari lililokaa juani miaka kumi si rangi ile ya kiwandani tena.

Kwa hivyo mtaangalia rimu yenyewe. Ioshe moja kati ya zile tatu nzuri kwa sabuni, kisha uipanguse. Ukiondoa kifuniko cha katikati utaona rangi ambayo jua halikuigusa. Hiyo ni ya kiwandani. Usifuate hiyo. Fuata uso ule ambao watu wanauona, uliochujuka na pengine kuwa wa manjano kidogo kwa sababu ya klia kuzeeka.

Rangi ya fedha ina ujanja wake. Ndani yake mna vipande vidogo sana vya alumini ambavyo hulala kama magamba ya samaki. Ukipuliza rangi ikiwa maji-maji na nzito, magamba yanazama na rangi inatoka imekolea giza. Ukipuliza kavu na nyepesi, magamba yanabaki juu na rangi inang'aa na kuwa nyeupe zaidi. Ni kopo lile lile, mkono ule ule, rangi mbili! Basi kabla ya kulaumu duka, badilisha kwanza mwendo wa mkono wako.

Kama mnachanganya wenyewe, anzeni na rangi iliyo nyepesi na mtie iliyokolea tone kwa tone, kwa sindano ya plastiki isiyo na ncha. Ukianza na nyeusi utamaliza mkebe mzima wa nyeupe ukijaribu kuifukuza. Andikeni kila kitu: mililita 100 za fedha, matone 6 ya nyeusi, thina kiasi gani. Daftari la rangi ni mali ya kikundi kama kitabu cha akiba. Aliyechanganya akiolewa kijiji cha mbali au akienda Nairobi, hesabu yake ibaki.

Sasa mtapima vipi? Kata kipande cha debe au cha mkebe wa maziwa ya unga, toboa tundu katikati kubwa kama sarafu. Kipake praima ile ile mtakayotumia, rangi mara zile zile, na klia pia. Msihukumu rangi mbichi, maana ikikauka inabadilika, na klia nayo huikoza. Kikikauka, kiweke juu ya rimu nzuri, uangalie rimu kupitia tundu. Jicho halina mahali pa kujificha hapo: rangi mbili zimegusana.

Mwangalie mahali gani? Nje, mwendo wa saa tatu au saa nne asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta mweupe au wa kijivu. Si chini ya mwembe, kwa sababu majani hutia mwanga ukijani. Si karibu na mabati mekundu, na mwenye lesso nyekundu asisimame karibu. Jua la adhuhuri hufanya kila rangi ya fedha ionekane nzuri. Usiku chini ya balbu pia mtadanganyika, kwani rangi mbili zaweza kufanana kwa taa na kuachana kabisa mchana. Tazameni mkisimama, mkichuchumaa, na mkiwa kando.

Tena msimwachie mtu mmoja. Chagueni watu watatu, kila mmoja aandike kwenye karatasi bila kusema: imekolea, imepauka, au ni sawa. Mkisema kwa sauti, wote watamfuata mwenyekiti. Kuna watu ambao macho yao hayatenganishi baadhi ya rangi, na hali hiyo hutokea zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake. Mtu anaweza kufika uzee bila kujua. Na akina mama wanaosuka kiondo kwa nyuzi walizotia rangi wenyewe wanajua tangu zamani kwamba sufuria mbili za rangi moja hazitoki sawa. Macho kama hayo yasiachwe jikoni kazi hii ikifanywa.

KUPULIZA

Pulizeni chini ya paa lisilo na kuta, siku isiyo na mvua wala upepo mkali, mbali na moto na sigara. Hewa yenye unyevu mwingi huifanya rangi ya thina kupata ukungu mweupe. Pangusa rimu kwa kitambaa chenye thina kidogo, acha ikauke. Praima kwanza, kwa alumini tupu nunueni praima ya kushika alumini, kwa maana ile ya kawaida itabambuka kama ganda la ndizi. Kopo liwe umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono utembee muda wote. Tabaka tatu nyembamba, ukingoja dakika 10 au 15 kati yake, ni bora kuliko moja nene itakayotiririka. Kisha klia, vivyo hivyo.

Juu ya rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, sisi tunasema wazi: vikundi vya nyumbani viiache. Ni ngumu na inavumilia petroli kuliko hii nyingine, hilo hatukatai. Lakini hadina yake ina kemikali za isosayaneti. Mvuke wake unaweza kuleta pumu ambayo mtu ataishi nayo, na barakoa ya karatasi au kitambaa cha pua haviuzuii. Kazi hiyo ni ya karakana yenye barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Mweleze mteja kwamba klia yenu haipendi kumwagikiwa petroli, naye achague.

Thina chafu isimwagwe mtoni wala shambani. Iachwe kwenye kopo lililofungwa. Uchafu ukishuka, ile safi ya juu itaosha brashi kesho.

KURUDISHA GURUDUMU

Ngojeni siku nzima kabla ya kufunga, mbili kama kuna baridi. Jazeni upepo na mpake povu la sabuni kuzunguka ukingo muone kama unavuja. Futeni vumbi kwenye kitovu. Nati zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kwa kuvuka, moja na ile inayoielekea, si kwa kuzunguka kama saa. Kazeni mara ya mwisho gari likiwa limeshuka chini, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Wala msipake grisi wala rangi kwenye nyuzi za boliti. Mwambieni mwenye gari arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikaguliwe tena, bila malipo. Mwandikieni kwenye risiti.

HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Wekeni za kwenu. Rimu nne: msasa Sh. 300, praima 800, rangi 1,000, klia 700, thina 400, utepe na karatasi 150, sabuni na chaki 150. Jumla ya vifaa ni Sh. 3,500. Watu wawili kwa siku mbili, kila mtu Sh. 600 kwa siku, ni 2,400. Sasa ni 5,900. Ongezeni sehemu ya kumi kwa ajili ya glavu, barakoa na kazi itakayorudiwa, ni 590. Inafika Sh. 6,490. Kikundi kikikubali kazi hiyo kwa 5,000, hakijapata 5,000. Kimekula jasho la wanachama wake. Mteja alipe angalau pesa za vifaa kabla kopo halijafunguliwa.

Kwa mazoezi, msianze na gari la mtu. Mikokoteni ya punda imefungwa rimu za magari makuukuu, na mwenye punda hatalalamika kama rangi ya kwanza itatiririka.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani atakayekuwa na neno la mwisho la kukataa rimu yenye ufa? Je, mwenyekiti au mweka hazina anaweza kumpinga?

2. Mteja ambaye rimu yake imekataliwa ni ndugu wa mwanachama, au ni mtu wa kanisa letu. Tutamwambia nini, na nani atamwambia?

3. Tuna mahali penye paa, pasipo na watoto wala moto? Kama hapako, itagharimu kiasi gani kupatengeneza?

4. Leteni vipande vitatu vya debe vilivyopakwa rangi ya fedha kutoka kopo moja, kimoja kwa mkono mzito, kimoja kwa mwepesi, kimoja kwa wastani. Kila mwanachama aandike bila kusema ni kipi kinachofanana na rimu ya mkokoteni. Linganisheni majibu.